Namna ya kusoma matokeo ya kidato cha nne ya shule yenu ya kata, na cha kufanya mkishayasoma

Kila mwisho wa Januari ni yale yale. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, wakishatoa matokeo tu grupu la kijiji linajaa skrinshoti, mtu anaandika shule yetu imefaulisha asilimia tisini hongereni sana walimu, watu wanapiga makofi, siku tatu baadae kimya mpaka mwaka mwingine. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya kata huku vijijini, na jambo moja nataka wazazi wenzangu mlielewe vizuri kabla ya kupiga makofi au kuanza kutukana walimu: hiyo asilimia ya ufaulu ikiwa peke yake haikwambii watoto wenu wanaenda wapi. Inaweza kupanda kila mwaka na bado watoto wote wakarudi nyumbani kukaa. Kwa hiyo naandika hapa jinsi ya kuyasoma hayo matokeo wewe mwenyewe, kwa simu yako na daftari, afu nini cha kwenda kuuliza shuleni na kwa nani.

Anza kwa kuupata ukurasa wa shule wenyewe. Unaingia necta.go.tz, unaenda kwenye matokeo, unachagua CSEE (ndo mtihani wenyewe wa kidato cha nne), mwaka, halafu unatafuta jina la shule, itakuwa na namba ya kituo inayoanza na S (zile za P ni watahiniwa wa kujitegemea, usizichanganye). Siku ya kwanza saiti inaelemewa, utamaliza bando bure, subiri siku mbili tatu, matokeo hayakimbii. Usitegemee skrinshoti ya mtu kwa sababu watu wanakata pale panapopendeza. Hifadhi ukurasa wote na ukishamaliza wa mwaka huu rudi uchukue na wa miaka miwili ya nyuma, maana shule zetu ni ndogo, ukiwa na watahiniwa 40 mtoto mmoja ni asilimia mbili na nusu, watoto wanne wakiyumba shule inaonekana imeanguka kumbe ni wanne tu. Mwaka mmoja peke yake haukuambii kitu. Miaka mitatu inaanza kuongea.

Sasa pointi. Kila somo lina daraja, A ni kuanzia 75, B 65 mpaka 74, C 45 mpaka 64, D 30 mpaka 44, chini ya hapo F. A inahesabiwa pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi wanajumlisha. Divisheni wani ni pointi 7 mpaka 17, two ni 18 mpaka 21, three ni 22 mpaka 25, four ni 26 mpaka 33, na ziro ni 34 na 35. Pointi kubwa ni mbaya, watu wengi wanajichanganya hapo, na hata ile GPA ya shule, yaani wastani wake, iliyoandikwa kwenye ukurasa ni hivyo hivyo, 4.2 ni mbaya kuliko 3.6.

Chukua kalamu uhesabu na mimi. Mtoto mwenye pointi 33 amepata nini? Ni D mbili na F tano, au C moja na F sita, hakuna namna nyingine ya kufika 33. Huyo ameandikwa divisheni four na kwenye asilimia ya ufaulu yumo, amehesabiwa kafaulu. Lakini vyuo vya ngazi ya cheti vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, vinataka angalau D nne na masomo ya dini hayahesabiwi humo. D nne na F tatu ni pointi 31. Yaani kila mtoto mwenye 32 au 33, hata awe amepewa hongera na ukoo mzima, hana D nne, na mwenye 31 nae usishangilie mpaka uone masomo maana C mbili na F tano nazo ni 31. Kwenda kidato cha tano ndo mbali zaidi, wanataka C tatu zisizo za dini na pointi zisizozidi 25, kwa hiyo kimsingi ni divisheni wani mpaka three.

Kwa taifa zima ufaulu wa 2024 ulikuwa asilimia 92.37, namba nzuri kabisa kuitamka kwenye mkutano, ila waliopata wani mpaka three hawakufika nusu ya watahiniwa. Sasa kama taifa zima na mashule yote makubwa ndani yake hawafiki nusu, shule ya kata iliyo kilomita nyingi kutoka lami inakuwaje? Ndo unatakiwa ujue ya kwenu.

Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike ufaulu. Andika safu hizi kwa kila mwaka: waliosajiliwa, waliofanya, wani mpaka three, four yenye 26 mpaka 31, four yenye 32 na 33, na ziro. Wasichana na wavulana tofauti, jedwali la NECTA limeshawagawa kwa F na M, ila kwa hizo four mbili itabidi uhesabu mtoto mmoja mmoja kwenye safu ya AGGT, ile ya jumla ya pointi zake. Kazi ya nusu saa. Nimeona shule ambayo ufaulu umepanda miaka mitatu mfululizo na ukihesabu hivi unakuta walioongezeka wote wameingia kwenye 32 na 33, wametoka ziro wakasogea hatua moja. Ni afadhali, sikatai, mwalimu aliyemtoa mtoto kwenye ziro amefanya kazi. Ila mzazi anayeuza mbuzi akidhani mtoto anakwenda chuo mwezi wa kumi anatakiwa aambiwe ukweli mapema.

Angalizo kuhusu miaka ya nyuma sana. Kuna wanaopenda kulinganisha na 2012, ule mwaka ambao watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata ziro nchi nzima mpaka serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Tangu hapo mizani ya madaraja imebadilishwa, hata mwaka 2014 kulikuwa na mfumo wa GPA wenye Distinction na Merit, ukaondolewa zikarudi divisheni. Kwa hiyo linganisha kuanzia 2016 kuja huku, za nyuma yake ziache.

Halafu kuna namba ambayo haipo kwenye ukurasa wa CSEE kabisa na kwangu mimi ndo kubwa kuliko zote: wale ambao hawakufika kwenye chumba cha mtihani. Hii unaipata hivi. Matokeo ya kidato cha pili, FTNA, nayo yapo kwenye saiti ile ile shule kwa shule. Waliofanya kidato cha nne Novemba 2024 walifanya cha pili Novemba 2022. Fungua FTNA ya 2022 ya shule yenu, angalia wangapi walisajiliwa, weka pembeni ya waliofanya CSEE 2024. Haitakuwa sawa kabisa maana wapo waliokariri na waliohama, lakini kama kidato cha pili walikuwa 90 na cha nne wamekaa 48, usiniambie habari za ufaulu, niambie kwanza wale 42 wako wapi. Na ukitaka kurudi nyuma zaidi muulize mkuu wa shule idadi ya walioripoti kidato cha kwanza, ipo kwenye rejista, sio siri.

Nasisitiza hili kwa sababu asilimia inaweza kupanda kwa kupunguza watoto. Mtoto mzito akikata tamaa akaondoka form three, asilimia inapanda. Msichana akipata mimba asirudi, asilimia inapanda. Simsemi mtu hapo, nasema hesabu ndivyo ilivyo, shule inaweza kupongezwa kwa kupoteza watoto bila hata mwalimu mmoja kuwa na nia mbaya. Na kwa taarifa tu, tangu Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, ila vijijini wazazi wengi bado hawajui, na mabinti wenyewe hawajui. Mkiwa na orodha ya majina ya waliopotea mnaweza kwenda nyumba kwa nyumba, mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji wanawajua wote.

Ukimaliza hapo shuka chini kabisa ya ukurasa kuna jedwali la masomo. Kila somo lina waliofanya, waliopita na GPA. Hapa ndo utajiri ulipo na hapa ndo watu hawafiki. Panga masomo kuanzia bora mpaka baya. Shule nyingi za kwetu utakuta Kiswahili juu, Uraia, Historia na Jiografia katikati au chini, Baiolojia inasuasua, Fizikia na Kemia wamefanya watoto wachache, na Hesabu iko mkiani. Hesabu usimrukie mwalimu wenu, kitaifa mwaka 2023 waliofaulu Hesabu walikuwa kama robo tu ya waliofanya. Lakini kama Jiografia ya kwenu imeanguka na shule jirani ya kata, watoto wale wale, njaa ile ile, imesimama, hapo kuna swali la kuuliza.

Na shule jirani ndo ya kujilinganisha nayo. Msijilinganishe na St. Francis ya Mbeya wala Kemebos wala Ilboru na Kibaha, hizo zinachagua watoto na watoto wanalala pale pale shuleni. Chukua shule tatu nne za kata ndani ya halmashauri yenu, zisizo na bweni, zenye idadi inayokaribiana. NECTA wenyewe enzi wanapanga nafasi walikuwa wanatenganisha vituo vya watahiniwa chini ya 40 na vya 40 na zaidi, na tangu matokeo ya 2022 wameacha kabisa kutangaza kumi bora, na mimi naona walifanya vizuri.

Ukiwa na daftari lako hilo ndo uende shuleni, usiende mikono mitupu. Na usiende siku ya mkutano wa wazazi kumuumbua mkuu wa shule mbele ya watu, utapata makofi siku hiyo na hutapata kitu kingine mwaka mzima. Nenda siku ya kawaida asubuhi, msalimie, mwambie mwalimu nimehesabu haya naomba unisaidie kuelewa. Kama wewe ni mjumbe wa bodi una haki kabisa, kama ni mzazi tu mtafute mjumbe wa bodi mwende wote. Omba vitu vitatu.

Cha kwanza ni ikama ya walimu kwa somo. Wangapi wapo, nani anafundisha nini, na somo lipi limekaa bila mwalimu kwa muda gani. Mara nyingi sana ukilinganisha na lile jedwali la masomo jibu liko hapo hapo, Kemia ina GPA mbaya kwa sababu mwalimu wa Kemia alihama mwezi wa nne mwaka juzi na hakuna aliyekuja.

Cha pili ni jonali ya darasa. Hiki ni kile kitabu anachoshika kiranja, kila kipindi mwalimu anaandika mada aliyofundisha na kusaini. Usiombe ya wiki hii, omba ya muhula uliopita ya kidato cha tatu. Mimi niliwahi kukaa na moja kwenye benchi nje ya ofisi, nikawa nafunua tu taratibu. Jumatatu na Jumanne zimejaa saini. Alhamisi ambayo ndo siku ya mnada huku kwetu vipindi baada ya saa sita ni vyeupe, wiki baada ya wiki. Ijumaa mchana nyeupe. Na kuna mada ya Hesabu imeandikwa jina lile lile wiki tatu, ikimaanisha mwalimu amekwama nayo na darasa halijaelewa au amekuwa akiingia mara moja kwa wiki. Hakuna aliyekuwa ameficha kitu, kitabu kipo mezani miaka yote, ila hakuna mzazi aliyewahi kukiomba. Tulipokaa kuongea ikajulikana kuwa Alhamisi hata wanafunzi wenyewe nusu hawapo, wako mnadani wanauza vitu na wazazi wao. Kwa hiyo lawama ikarudi kwetu na ndivyo ilivyotakiwa.

Cha tatu ni mahudhurio kwa mwezi. Angalia miezi ya palizi na mavuno, angalia miezi ya mvua mto ukijaa. Kama watoto wanapotea mwezi wa pili na wa tatu kila mwaka, hiyo ni kazi ya serikali ya kijiji na wazazi na haihusiani na mwalimu yeyote.

Sasa mfanye nini. Hapa watu wanapenda kukimbilia kambi, kila mtu anataka kambi ya kidato cha nne kuanzia mwezi wa nane, watoto walale madarasani, wasome usiku na taa ya sola. Sipingi kambi, inasaidia wale waliopo kwenye mpaka, ila ina gharama, ina hatari kwa mabinti kama hakuna matroni wa kueleweka na choo cha karibu na mlango unaofungika, na haiwezi kurudisha miaka mitatu iliyopotea. Nitataja yale ambayo nimeona yana nguvu zaidi.

Kiingereza cha fomu wani ndo mzizi wa vitu vingi. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Januari anaingia darasani anakuta Baiolojia, Jiografia, Historia, kila kitu Kiingereza. Binti mmoja wa kidato cha pili nilimkuta na karatasi ya Jiografia, swali la mmomonyoko wa udongo ameliacha tupu. Nikamuuliza kwa Kiswahili mmomonyoko unasababishwa na nini, akanitajia sababu tano bila kupumua, akanionyesha na korongo lililoanza nyuma ya kwao tangu watu walipokata miti ya juu. Anajua kuliko kitabu. Hakujua swali linauliza nini. Huyo akipata F ya Jiografia utasema mwalimu wa Jiografia hafai. Kwa hiyo ombeni ile orientesheni ya mwanzo wa mwaka, ya kuwazoesha fomu wani Kiingereza, ifanyike kweli na isikatwe kwa sababu ya kufyeka na kuchonga madawati, na ikishaisha kuwe na nusu saa ya kusoma kwa sauti kila asubuhi mpaka mwisho wa form two. Haihitaji hela. Inahitaji mwalimu mmoja anayeipenda na vitabu vya hadithi nyepesi, na hapo wale waliomaliza shule hiyo wakaenda mjini wanaweza kuchangia vitabu badala ya fulana za mahafali.

Pia tengenezeni karatasi moja ya maneno ya kuulizia maswali, yale ya eleza, taja, tofautisha, jadili, toa sababu, kwa Kiingereza na maana yake Kiswahili, ibandikwe ukutani kila darasa. Ni kitu kidogo ila msikidharau, karibu kila swali la mtihani linaanza na neno kama hilo.

Kwenye Hesabu lengo la kwanza kwa shule iliyo chini iwe D, msione aibu. Mtihani una sehemu A yenye maswali 10, kila moja alama 6, na sehemu B yenye maswali manne ya alama 10. D inaanzia 30. Mtoto akiyamaliza maswali matano ya sehemu A vizuri kabisa ameshagusa 30, na mada nyingi za humo ni za form one na two, seti, takwimu, uwiano na faida na hasara, logarithimu. Mwanafunzi wa form four aliyekata tamaa ukimwambia Hesabu yote anakimbia, ukimwambia tuanze na mada sita mpaka uzijue kama jina lako anakaa. Na kuna kitu cha bure NECTA wanakitoa kila mwaka kwenye saiti yao, taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, watu wanaiita CIRA, kila somo ina yake, inaonyesha swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi na inaweka mpaka picha za majibu mazuri na mabovu. Nendeni stationery mjini mkaiprinti ya Hesabu, Baiolojia na Kiingereza, mkaiweke ofisi ya taaluma. Vitabu vya kiada navyo TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, wameviweka kwenye maktaba yao ya mtandaoni.

Chakula cha mchana. Mtoto ametoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, ametembea, anakaa mpaka saa tisa bila kitu, kipindi cha saa saba hata awe na akili vipi hasikii. Makande tu, mahindi na maharage ya kutoka mashambani kwetu wenyewe, inabadilisha mahudhurio ya mchana haraka kuliko kitu kingine ninachokijua. Ila hapa kuna sheria ya kuangalia. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni. Kwa hiyo mchango wa chakula unatakiwa utoke kwa wazazi wenyewe kwenye mkutano wenye muhtasari, uwe wa hiari, halmashauri ijue, na mtoto ambaye kwao hawana asirudishwe nyumbani. Walimu wasishike hata gunia moja. Kamati ya wazazi ishike stoo, ufunguo mmoja kwa mama mmoja anayeaminika na mwingine kwa mtunza stoo, na orodha ya vilivyopokelewa ibandikwe ukutani. Michango mingi haifi kwa umaskini, inakufa kwa sababu watu walihisi gunia limeuzwa.

Ruzuku ya serikali nayo iulizieni, kiwango kilichowekwa ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka na nusu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo shule inapata kidogo na inatakiwa itoshe chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, kila kitu. Mkiiona kwa macho mtaacha kusema serikali imeshamaliza kila kitu.

Walimu. Hili ndo gumu. Andikeni barua kupitia bodi kwenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kwa Afisa Elimu Sekondari, nakala kwa diwani na Afisa Elimu Kata, na msiombe "walimu" kwa ujumla kwa sababu kila shule inaomba hivyo. Ombeni msawazo, yaani walimu waliopo kwenye halmashauri wagawanywe upya kati ya shule. Andikeni shule yetu haina mwalimu wa Fizikia tangu tarehe fulani, watahiniwa waliofanya Fizikia wamepata hivi miaka mitatu, na wekeni lile jedwali. Kwenye halmashauri nyingi shule za kando ya barabara kuu zina walimu wa sanaa mpaka wanagawana vipindi viwili viwili na shule ya ndani haina hata mmoja wa sayansi. Mkurugenzi ana uwezo wa kuhamisha ndani ya halmashauri yake, kinachokwama mara nyingi ni hela ya posho ya uhamisho, basi muulizeni diwani aisemee kwenye baraza la madiwani wakati wa bajeti na sio Novemba watoto wako kwenye chumba cha mtihani.

Na mwalimu akiletwa mnampokeaje? Mwalimu kijana wa Fizikia ameshuka kwenye bodaboda na begi lake, anaonyeshwa chumba kisicho na dirisha kwa kodi ya mjini, maji anayafuata mbali, mtandao mpaka upande kichuguu. Mwaka wa kwanza tu ukiisha ameshaanza kutafuta wa kubadilishana nae kituo. Kijiji kinachotengeneza hata vyumba viwili safi vya walimu na kinachomkaribisha mtu kwenye misiba na harusi zake, kinakaa na walimu. Hili liko mikononi mwetu asilimia mia. Mkiamua kumlipa kijana wa kujitolea aliyemaliza chuo akisubiri ajira, fanyeni kwa mkataba wa maandishi kupitia bodi na halmashauri ijue, kiasi mnachokiweza kila mwezi, maana akikosa miezi miwili ataondoka katikati ya muhula na hapo mtakuwa mmeharibu zaidi.

Umbali na mageto nitasema kwa kifupi tu. Watoto wanaopangishiwa vyumba senta ili wawe karibu na shule, hasa mabinti wa miaka kumi na nne, wanaishi bila mtu mzima. Kama hosteli haijaisha tafuteni akina mama wa senta wa kuwalea watatu wanne kila nyumba, na mtendaji awe na majina yao na ya wenye nyumba.

Muda wa kuanza yote haya ni Februari, sio Agosti. Na darasa la kuanza nalo ni form two, kwa sababu FTNA anayefeli anakariri na wengi wanaokariri ndo wale wanaopotea. Kila mwisho wa muhula mjumbe mmoja wa bodi akae na mwalimu wa taaluma wapitie matokeo ya ndani somo kwa somo, wachague masomo mawili tu ya kusukuma muhula unaofuata. Mkichagua saba hamtafanya hata moja.

La mwisho ni wale ambao matokeo yameshatoka na wamepata ziro au hizo 32 na 33. Msiwaache wakajifungia ndani. Mwenye D mbili tatu anaweza kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, usajili unafunguliwa mwanzoni mwa mwaka na ukichelewa kuna faini, na hahitaji kurudia masomo yote, achague yale yatakayomfikisha kwenye D nne au C tatu, kaa nae na karatasi mhesabu pamoja. Vituo vya kusomea masomo ya jioni vipo kwenye miji mingi ya wilaya ila ulizia kwanza matokeo ya kituo chenyewe kwenye saiti ya NECTA, vile vya P, kabla hujalipa. Anayependa kazi za mikono apelekwe VETA, vile vyuo vya ufundi stadi, kule hata aliyemaliza darasa la saba anapokelewa kwenye fani nyingi, umeme wa majumbani, uchomeleaji, ushonaji, ufundi magari. Fomu zinatoka mara nyingi kuanzia mwezi wa nane kwa masomo ya Januari, kwa hiyo aliyepata ziro Januari ana miezi ya kujiandaa, na nauli ya kwenda kuchukua fomu ianze kuwekwa pembeni sasa hivi wakati mazao bado yapo ndani.